Kupima Athari za Binadamu Katika Msitu Mkavu: Anza na Visiki

Msitu mkavu wa kitropiki unaweza kukatwa wote mwaka huu na bado ukawa hai. Unaweza pia kuwa na miti tele iliyosimama huku umeshakwisha, kwa sababu chini yake hakuna mche wala chipukizi linaloinuka. Ndiyo maana ripoti za uharibifu wa misitu hii hupishana sana: huyu kahesabu kilichoondoka, yule kahesabu kilichobaki, na kinachoweza kurudi hakuna aliyekihesabu. Mwongozo huu unashughulika zaidi na hicho cha tatu.

Misitu inayozungumziwa hapa ni ya maeneo yenye joto mwaka mzima, mvua ya takriban milimita 250 hadi 2,000 kwa mwaka, na kiangazi cha miezi kadhaa ambapo miti mingi hupukutisha majani. Miombo ya mashariki na kusini mwa Afrika imo, pia Chaco ya Amerika Kusini, caatinga ya Brazili, misitu ya upande wa Pasifiki wa Amerika ya Kati, na misitu ya misaji ya India. Majina ya miti yanabadilika, ila mbinu ya kupima ni ileile.

Kwa nini visiki

Miti mingi ya ukanda huu imezoea kupoteza sehemu ya juu kwa moto, ukame au wanyama. Akiba yake ya chakula imo mizizini. Ukikata mti, mvua zikianza machipukizi hutoka pembeni mwa gome ndani ya wiki chache, na kwa sababu yanalishwa na mzizi mkubwa, hukua haraka kuliko mche wowote wa mbegu.

Njia ya mbegu ni finyu zaidi. Maganda ya miyombo (jamii ya Brachystegia) hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu, lakini mbegu hizo mara chache huvuka mita 20 kutoka kwa mti mama. Hazikai udongoni zikisubiri miaka. Mvua za kwanza zikinyesha zinaota au zinaoza. Na mche wa myombo unahitaji kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya miyombo mingine ili ufyonze virutubisho. Ukishang'oa visiki kwa trekta na kulima mara kadhaa, umeondoa mizizi, umeondoa na kuvu.

Kwa hiyo hekta 10 zilizofyekwa kwa shoka na hekta 10 zilizong'olewa visiki zinaonekana sawa kwenye picha ya setilaiti, lakini si jambo moja. Za kwanza, zikilindwa dhidi ya moto mkali, zinaweza kurudisha sehemu kubwa ya uzito wa miti katika miongo 2 hadi 3, ingawa mchanganyiko wa aina za miti huchelewa zaidi ya hapo. Za pili zitajaa nyasi na vichaka, na msitu utasogea polepole kutokea ukingoni.

Kabla ya kwenda: picha za setilaiti na mtego wa majani

Picha za Landsat (mita 30 kwa kila kidoa, yaani nukta moja ya picha) zinapatikana bure na zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980. Sentinel-2 ni kali zaidi, mita 10, na setilaiti zake hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5. Kwa kugawa eneo katika makundi, hizo zinatosha.

Hapa ndipo wengi huteleza. Msitu mkavu wa kiangazi, ukiwa umepukutisha majani, hufanana na msitu uliofyekwa. Ukilinganisha picha ya mwezi wa mwisho wa mvua na picha ya kilele cha kiangazi, utagundua "uharibifu" ambao haupo. Chukua picha za wiki zilezile kila mwaka, ikiwezekana wiki za mwanzo baada ya mvua kuisha: mawingu yamepungua, majani bado yapo, na mioto mingi haijaanza. Kagua mvua za mwaka husika pia. Mwaka wa ukame huwa na majani machache hata pale ambapo hakuna aliyegusa mti, kwa hiyo usiufanye mwaka wa kuanzia wala wa kumalizia.

Ramani za dunia nzima za upotevu wa miti zitumie kwa tahadhari. Huona vizuri ufyekaji wa mashamba makubwa, lakini ukataji wa mti mmoja mmoja na machipukizi ya chini ya mita 5 huzipita. Mwaka 2017 watafiti waliokagua kwa macho picha kali za maeneo kame ya dunia, zaidi ya vipande 210,000, walipata hekta milioni 467 za msitu ambazo hesabu za awali hazikuwa nazo. Ikiwa msitu mzima unaweza kupotea kwenye hesabu kiasi hicho, visiki vya mkaa ndivyo kabisa.

Baada ya kuangalia picha, gawa eneo katika makundi matatu au manne: msitu uliofunga, msitu uliopunguzwa, mashamba yaliyoachwa, na ukingo wa barabara au makazi.

Kupanga ploti

Athari ya binadamu karibu kila mara hufuata umbali. Panga mistari inayoanzia barabarani au makazini na kuingia ndani, kisha weka ploti (maduara ya kupimia) kwenye umbali wa kilomita 0.5, 1, 2 na 4. Ploti 5 kwa kila umbali ndicho kiwango cha chini. Pungufu ya hapo, ploti moja yenye mbuyu itaharibu wastani wote.

Viwianishi (namba za GPS za mahali pa kila ploti) vipangwe mezani na vifuatwe vilivyo. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kusogeza ploti "kidogo tu" kwa sababu pointi imeangukia kwenye miiba au kwenye shamba. Ikiangukia kwenye shamba, pima shamba. Sifuri nayo ni takwimu.

Wakati mzuri ni kuanzia mwezi wa mwisho wa mvua hadi wiki za kwanza za kiangazi. Majani yapo, kwa hiyo miti inatambulika. Ubaya wake ni kwamba nyasi ni ndefu na huficha visiki. Ukisubiri nyasi ziungue, visiki vitaonekana wazi lakini machipukizi, ambayo ndiyo uliyoyafuata, yatakuwa yameungua. Vumilia nyasi: watu watatu watembee sambamba ndani ya duara wakipapasa kwa fimbo, na visiki vitaonekana.

Vifaa ni vichache: kamba isiyovutika ya mita 15 yenye alama kwenye mita 5, utepe wa kupimia, fimbo ya mita 1.3 iliyochorwa alama kwenye sentimita 30, chaki ya kuweka alama kwenye mashina, simu au kifaa cha GPS, fomu na penseli. Kalamu ya wino achana nayo. Jasho likigusa karatasi, ploti nzima inafutika. Muhimu kuliko vyote ni mtu wa eneo hilo anayejua majina ya miti kwa kutazama gome, kwa sababu kisiki hakina majani.

Kupima ndani ya duara

Duara la nusu kipenyo cha mita 15 lina mita za mraba 707. Ili kupata idadi kwa hekta, zidisha kwa 14.15. Ndani yake pima miti yote yenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi, na visiki vyote vya ukubwa huo. Ndani ya duara la mita 5 (zidisha kwa 127) pima mashina na visiki vya sentimita 2 hadi 10, kisha hesabu miche na machipukizi. Mti ulio mpakani huhesabiwa ikiwa katikati ya shina lake imo ndani. Kwenye mteremko kamba ishikwe mlalo, isilazwe chini kufuata ardhi.

Kipenyo hupimwa kwenye mita 1.3 kutoka ardhini. Kama huna utepe maalumu, pima mzunguko na ugawe kwa 3.14, mzunguko wa sentimita 31.4 ni kipenyo cha 10, namba inayofaa kukaa kichwani.

Miti ya msitu mkavu mara nyingi ina mashina mengi kwenye mzizi mmoja, hasa iliyowahi kukatwa. Usijumlishe vipenyo. Pima kila shina, zidisha kila kipenyo kwa chenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mashina ya sentimita 8, 10 na 12 yanakupa 64 + 100 + 144 = 308, na kipeuo chake ni 17.5. Huo ni mti mmoja wa sentimita 17.5. Anayejumlisha moja kwa moja ataandika 30 na kuongeza msitu usiokuwepo.

Kuna kipimo kimoja cha ziada ambacho miongozo mingi hukiacha, nacho ndicho kinachofanya hesabu ya visiki iwe na maana. Pima kila mti uliosimama mara mbili: kwenye mita 1.3 na kwenye sentimita 30. Kisiki kimekatwa chini, ambako shina ni nene. Ukilinganisha kipenyo cha kisiki na kipenyo cha kifuani (kile cha mita 1.3) cha mti uliobaki, utaonekana umekatwa msitu mwingi kuliko ukweli. Linganisha cha sentimita 30 kwa cha sentimita 30.

Kusoma kisiki

Kwa kila kisiki andika: jina la mti, kipenyo, urefu wa kisiki, kifaa kilichotumika, umri wa jeraha, kama kiko hai, idadi ya machipukizi, urefu wa chipukizi refu kuliko yote, na hali yake (zima, limeliwa, limeungua, limekatwa tena).

Umri wa jeraha uweke katika makundi matatu tu. Kibichi: rangi ya mti bado inang'aa, gome limeshika, utomvu au vumbi la msumeno linaonekana, chini ya mwaka mmoja. Cha kati: uso umekuwa wa kijivu na una nyufa, gome linaanza kuachia. Cha zamani: gome limetoka, mchwa wameingia, ukikipiga teke kinamumunyuka. Anayetaka kutaja mwaka kamili anajidanganya. Kisiki cha mpingo hukaa miongo kikionekana kipya kiasi, cha mti laini huliwa na mchwa upesi, kwa hiyo ulinganishe aina kwa aina.

Kisha fumbua nyasi uchunguze kitako. Hapa pana habari kuliko mahali pengine popote kwenye ploti. Kwenye kisiki kinachoungua kila mwaka utakuta kifundo kinene usawa wa ardhi, na kuzunguka machipukizi mabichi kuna vijiti vyeusi vilivyokufa, vya unene wa penseli, vingine vimevunjika na vingine bado vimesimama. Hivyo ni machipukizi ya misimu iliyopita. Ukiona vizazi viwili au vitatu vya vijiti hivyo na chipukizi hai halijafika mita 1, kisiki hicho kinatumia akiba yake kujenga kuni za moto wa mwaka ujao. Ukiona chipukizi moja nene lililopinda kama ndoano kwenye kitako, kisha likanyooka juu, hilo lilikuwa tawi la pembeni lililochukua nafasi baada ya chipukizi kuu kufa. Limenusurika. Likishapita mita 2 hadi 3, miale ya moto wa kawaida wa nyasi haifikii tena kilele chake.

Tahadhari na miti isiyokatwa na mtu. Tembo huacha shina lililochanika lenye nyuzinyuzi na gome lililobanduliwa kwa vipande virefu. Upepo hung'oa na mizizi au huvunja juu. Shoka huacha uso wenye mikato ya mshazari, msumeno uso bapa. Usimtwike mchoma mkaa mzigo wa tembo.

Nani kakata, na kwa nini

Hili linabadilisha suluhisho lote, kwa hiyo usiandike tu "ukataji". Mkaa huacha visiki vya miti migumu ya karibu ukubwa wote kuanzia sentimita 10, vimejikusanya kwenye duara la mita kadhaa kuzunguka alama ya tanuri. Nguzo za kujengea ni visiki vya sentimita 5 hadi 15 vya miti iliyonyooka tu, na miti iliyopinda imeachwa. Mbao ni visiki vinene vya aina mbili tatu za thamani, kama mninga na mkongo, na pembeni vumbi la msumeno au magogo ya kulazia. Shamba linaloandaliwa lina visiki vya kila aina, vingine virefu hadi kiunoni, na vilivyochomwa kitako. Mrina asali huacha mti mmoja mkubwa wenye shimo, umeangushwa peke yake na masizi mdomoni mwa shimo. Gome lililobanduliwa duara zima, iwe kwa dawa, kamba au mzinga, litaua mti hata kama hakuna kisiki. Andika asilimia ya mzunguko iliyobanduliwa.

Uvunaji wa mbao una hila yake. Msitu huonekana umejaa, kwa sababu miti iliyotoka ni michache kwa hekta. Panga miti ya aina hiyo moja kwa vipenyo: 10–20, 20–30, 30–40 na kuendelea. Ukikuta midogo na mikubwa ipo lakini ya kati haipo, kuna kizazi kilikosa kupita, na mara nyingi sababu ni moto. Miche ya mninga hufa juu na kuchipua tena kutoka mzizini mwaka hadi mwaka, pengine zaidi ya miaka 10, kabla ya kuinuka. Ukikuta mikubwa pekee imetoweka, huo ni msumeno.

Tanuri la mkaa

Alama ya tanuri la udongo ni duara au mstatili wa ardhi nyeusi, laini, yenye chenga za mkaa na udongo uliooka kuwa mwekundu. Pima urefu na upana. Mbegu na mizizi ya juu chini ya tanuri hufa, na alama inaweza kubaki na magugu tu kwa miaka. Lakini usiikuze: kwa kawaida matanuri yenyewe hufunika sehemu ndogo sana ya eneo lililokatwa. Tatizo ni duara la visiki linalolizunguka.

Tanuri la asili la udongo hutoa mkaa wenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 ya kuni zilizoingia. Zikiwa mbichi hukaribia 10. Kwa hiyo ukiambiwa tanuri lilitoa magunia 40 ya kilo 50, yaani kilo 2,000, na mchomaji ni hodari kiasi cha kufikia asilimia 15 hadi 20, lilikula kilo 10,000 hadi 13,300 za kuni. Ulinganishe na ulichopata kwenye visiki vya jirani. Vikipishana sana, ama kuni zimetoka mbali ama kuna matanuri hujayaona.

Magunia hayo utayajua kwa kuwauliza wachomaji wenyewe, nao hawatasema kama wanaogopa kukamatwa. Eleza kazi yako wazi, usiandike jina la mtu yeyote, na viwianishi vya matanuri yanayotumika visiingie kwenye ripoti ya wazi. Timu inayogeuza vipimo kuwa ramani ya doria haitajibiwa swali mara ya pili, na ploti zake zitakosa alama mwaka unaofuata.

Moto

Moto ndio unaoamua kama visiki vitakuwa msitu. Kwenye ploti za majaribio zilizoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933, eneo lililochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi lilipoteza miti yake na kubaki nyasi na miti michache sugu. Lililochomwa mapema lilibaki msitu. Lililokingwa kabisa lilifunga na kuwa zito zaidi. Udongo uleule, mvua ileile.

Uwanjani pima urefu wa masizi kwenye shina na upande yalipo, makovu ya kitako, na asilimia ya machipukizi yaliyoungua. Masizi yanayofika juu ya kichwa yanaashiria moto wa mwishoni mwa kiangazi au mzigo mkubwa wa nyasi. Tarehe zitafute kwenye takwimu za setilaiti: MODIS ina ramani za maeneo yaliyoungua tangu 2000 kwa kidoa cha mita 500, na VIIRS huonyesha pointi za joto kwa mita 375. Moto mdogo wa saa mbili asubuhi unaweza usionekane kabisa, hasa ule wa mapema usio na madhara makubwa, kwa hiyo takwimu hizo huelemea upande wa mioto mikubwa.

Nyasi zenyewe ni athari ya binadamu. Huko Guanacaste, Kosta Rika, nyasi za Afrika aina ya Hyparrhenia rufa zilipandwa kwa ajili ya ng'ombe, zikawa kuni za moto wa kila mwaka uliozuia msitu kurudi. Kazi ya kurejesha msitu huo, iliyoongozwa na mwanaikolojia Daniel Janzen kuanzia miaka ya 1980, ilianza kwa kuzuia moto kwanza, na kwenye baadhi ya maeneo ng'ombe waliachwa walishe ili kupunguza nyasi. Kwa hiyo usikimbilie kuandika mifugo kama adui bila kupima.

Mifugo na udongo

Tembea mstari wa mita 50 wenye upana wa mita 2 na uhesabu vinyesi kwa aina ya mnyama. Chagua machipukizi 20 yaliyo chini ya mita 1.5 na uandike mangapi yameng'atwa kilele. Nusu na zaidi yakiwa yameng'atwa, urefu wa machipukizi utadumaa hata bila moto.

Udongo uliokanyagwa hupimwa kwa bomba la bati lenye kipenyo cha sentimita 15. Lipigilie sentimita 7 hivi ardhini, mimina mililita 440 za maji (ni kina cha sentimita 2.5), na uhesabu dakika hadi yaishe. Rudia mara ya pili palepale; kipimo cha pili ndicho cha kutumia, kwani cha kwanza hutegemea ukavu wa siku hiyo. Linganisha na kipimo cha ndani ya msitu uliofunga kwenye udongo wa aina ileile. Namba moja pekee yake haisemi kitu.

Hesabu ya mwisho

Eneo la mkato wa shina kwa mita za mraba ni kipenyo (cm) mara kipenyo mara 0.00007854. Tuseme kwenye ploti miti iliyosimama, ikipimwa kwenye sentimita 30, ina jumla ya 0.62, na visiki 0.31. Kilichoondoka ni 0.31 ÷ 0.93, sawa na asilimia 33. Kwa kulinganisha na misitu mingine tumia vipimo vya mita 1.3 na uzidishe kwa 14.15, miombo mingi iko kati ya mita za mraba 7 na 22 kwa hekta.

Asilimia hiyo iweke kando ya namba mbili nyingine: sehemu ya visiki vilivyo hai, na sehemu ya visiki hai vyenye chipukizi lililopita mita 2 (kwa visiki vya kati na vya zamani tu, kibichi hakijapata muda). Ploti iliyopoteza asilimia 60 yenye visiki hai 9 kati ya 10 na machipukizi marefu iko katika hali nzuri kuliko iliyopoteza asilimia 20 ambayo machipukizi yake yote yana urefu wa goti.

Ukishajua, fanya nini

Visiki hai, machipukizi yanaungua: shughulikia moto. Choma mapema, nyasi zikiwa bado na ukijani wa chini, umande ukiwa umekauka kiasi tu, upepo mdogo, na mioto ielekezwe kinyume na upepo. Safisha kwanza barabara za kuzuia moto. Upana uzidi mara mbili ya urefu wa miale unayotarajia. Mahali penye machipukizi ya mwaka wa kwanza na wa pili usichome kabisa, hata mapema.

Visiki hai, machipukizi mengi membamba: punguza. Acha 2 hadi 5 yenye nguvu na yaliyonyooka kwa kila kisiki, ukichagua yaliyotokea karibu na ardhi kwa sababu ya juu hukatika na upepo. Pogoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, si zaidi. Ukipogoa mpaka juu chipukizi hulegea na kupinda. Rudi baada ya miezi michache kuondoa yanayoota upya. Mbinu hii, inayojulikana kama kisiki hai, ndiyo iliyorudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5 za mashamba nchini Niger tangu miaka ya 1980, na haikuhitaji kitalu.

Ukataji unaendelea na hauwezi kusimamishwa: rekebisha unavyokatwa. Kata mwishoni mwa kiangazi, kabla tu ya mvua, wakati akiba iko mizizini. Tumia kifaa kikali, uso uwe wa mshazari ili maji yasituame, gome lisichanike. Acha kisiki cha sentimita 10 hadi 30. Miti mizee minene sana iache, kwa sababu huchipua vibaya na ndiyo yenye mbegu. Mifugo isiingie mpaka machipukizi yavuke kimo cha midomo yao.

Visiki vimekufa au vimeng'olewa: hapo tu ndipo kupanda miche kunaanza kuwa na maana, na hata hapo tafuta kwanza mizizi hai iliyobaki pembeni. Beba udongo wa chini ya miyombo iliyokomaa ukachanganye kwenye viriba vya miche ili kuvu waende nao.

Rudi kupima kila baada ya miaka 2 au 3, wiki zilezile. Ili kituo cha duara kipatikane, usitegemee GPS pekee, maana ya simu hukosea mita kadhaa, na usipigilie kigingi cha mti, kitaishia jikoni. Nondo inayochomoza huuzwa chuma chakavu. Zika kipande cha nondo cha sentimita 30 kikiwa sawa na ardhi, kisha andika umbali na uelekeo wa dira kutoka kwenye miti mitatu mikubwa ya jirani, ukichagua ya aina ambazo hakuna anayezitaka kwa mkaa.